Kandambili za Nyumba ya Vyura

Kengele ya mwisho ilipolia, Nukta hakuwa mtoto wa kukawia shuleni. Alifunga mkoba wake, akakata kona nyuma ya uwanja wa mpira, akapita karakana ya kuchomelea vyuma huku amekinga macho kwa kiganja, kisha akaingia kwenye geti dogo la kijani ambako mama yake alifanya kazi ya usafi. Bango la getini lilisema Kituo cha Kuhifadhi Vyura Adimu. Watoto wa mtaani hawakuwa na muda na jina refu kama hilo. Wao walikiita Nyumba ya Vyura, na mwishowe hata wafanyakazi wakaanza kukiita hivyo hivyo.

Nukta naye lilikuwa jina la utani. Alizaliwa mdogo mno, mjomba wake akamwita hivyo kwa mzaha, nalo likamganda. Kila alipolilalamikia, mama yake alimwambia, "Nukta ni ndogo, lakini ndiyo inayosimamisha sentensi." Nukta aliyapenda maneno hayo, pengine kupita kiasi, maana alikuwa mtoto ambaye akiudhiwa hasahau. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, na tayari alikuwa ameweka kinyongo cha kumtosha mtu mzima.

Vyura wenyewe walikuwa wadogo kama kucha ya kidole gumba, wa manjano kama kiini cha yai. Zamani waliishi mahali pamoja tu, kwenye majabali yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko ya maji. Mto ulipogeuzwa njia, manyunyu yakakatika, majabali yakakauka, na vyura wakaisha. Wachache waliookolewa ndio walioletwa hapa. "Ukiacha hawa, hakuna wengine," Daktari aliwaambia watoto siku ya kwanza, wala hakuwa akitia chumvi. Daktari huyu hakuwa wa kutibu watu. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, aliyesomea wanyama, na ndiye mkuu wa nyumba ile.

Ndani mlikuwa na vyumba viwili vilivyotazamana, katikati yake ukumbi mwembamba. Katika chumba cha wazazi walikaa vyura waliotarajiwa kuzaa. Katika chumba cha wageni walikaa wa mwisho kuokolewa, walioletwa karibuni, wakichunguzwa kama wana maradhi kabla ya kuchanganywa na wenzao. Sheria kubwa ya nyumba ilikuwa ya miguuni. Kandambili za bluu zilikuwa za chumba cha wazazi, nyekundu za chumba cha wageni, na mtu aliyevusha jozi moja kutoka huku kwenda kule alikuwa amejifukuza mwenyewe. Jioni mama yake Nukta aliziosha zote kwa dawa na kuzipanga mlangoni. "Chura anakunywa kwa ngozi na anapumua kwa ngozi," Daktari alipenda kusema. "Ukimletea uchafu kwa miguu yako, umemnywesha."

Nukta alipewa kazi ya kulisha. Aliwapa vyura nyenje wachanga, wadogo kama punje za ufuta, akanyunyiza maji, akafuta vioo vya masanduku walimokaa. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa binamu yake, mtoto wa mjomba, ambaye waliishi naye ua mmoja. Mvulana huyo alikuwa na miguu mirefu na maneno marefu zaidi. Kabla ya mambo ninayotaka kuwasimulia, walikuwa chanda na pete.

Mambo yenyewe yalianza hivi. Vyura walikula, wakanenepa, lakini hawakuzaa. Daktari alibadili taa, akabadili chakula, akapunguza joto na kuongeza joto, wapi. Madume walikaa kimya kama watu waliokosana. Kisha siku moja mama yake Nukta alikuwa nje akikung'uta kandambili, na maji yakawa yanadondokea kipande cha bati kilichoegemezwa ukutani. Nukta alikuwa ndani peke yake. Alisikia to, to, to kwenye bati, halafu akasikia sauti nyembamba kama bawaba ya mlango inayotaka mafuta. Dume mmoja alikuwa anaimba. Mwingine akamjibu. Maji yalipokoma, nao wakakoma.

Nukta alitoka nje, akachota maji, akayadondosha tena juu ya bati. Wakaimba tena. Alielewa palepale, na moyo ulimdunda kwa furaha: walikuwa wanangoja kusikia mvua. Alitaka kumwambia Daktari mwenyewe, kesho yake, kwa utaratibu, akiwa amenyooka kama mwanafunzi anayekariri shairi. Lakini furaha haikai tumboni. Njiani kurudi nyumbani alimwambia binamu yake, na kosa lake likawa hilo.

Kesho yake Nukta alichelewa kwa sababu ya zamu ya kufagia darasa. Alipofika, alimkuta Daktari juu ya ngazi akifunga bati, na binamu yake chini akimwelekeza kwa kidole. Baada ya hapo kila kitu kilikwenda haraka. Bomba lenye matundu likatundikwa, maji yakawa yanadondoka asubuhi na jioni, madume wakaimba hadi wapita njia wakasimama kusikiliza. Haukupita muda mrefu majike wakaanza kuwa na matumbo ya mviringo. Vyura wale hawakuwa wa kutaga mayai majini. Walizaa watoto kamili, na kila tumbo lilikuwa limebeba kizazi. Daktari alilia machozi. Wageni wakaja, makofi yakapigwa, na picha ya binamu ikabandikwa ukumbini. Mtaa mzima ukaanza kumwita Profesa.

Nukta alimfuata nyuma ya banda la nyenje akamwuliza ana maana gani.

"Wewe ulisikia, mimi nikasema," Profesa alijibu bila hata kuona haya. "Anayesema ndiye mwenye jambo. Ukienda kudai sasa watu wataona ni wivu tu."

Nukta hakukubali jibu hilo. Kumwambia mama aliona ni kushtaki kama mtoto wa chekechea. Kumwambia Daktari aliogopa kuonekana mwenye wivu, kama alivyotishwa. Basi akaamua kunyamaza na kulipiza, na mtu akishaamua hivyo huwa hapungukiwi na mawazo.

Kwanza alimtilia nyenje kwenye mkoba wa shule. Walitoka wakirukaruka katikati ya somo la hesabu, darasa likacheka, naye Profesa akacheka kuliko wote, akamshika mmoja na kumpa jina la mwalimu wa zamu. Hata kisasi alikigeuza sifa. Halafu Nukta aliapa kutosema naye, lakini Profesa alisema kwa niaba ya wote wawili. Kilichomkamilishia hasira ni siku alipokuta binamu yake ameandika PROFESA kwa kalamu ya wino mzito juu ya jozi zake mwenyewe zote mbili za kandambili, bluu na nyekundu. Alizitazama herufi zile muda mrefu. Ndipo akapata wazo lililomfanya atabasamu kwa mara ya kwanza tangu bati lifungwe.

Siku chache hakwenda Nyumba ya Vyura, akisingizia kichwa. Nyumbani alikula kimya huku amenuna. Jioni moja mama yake alieleza jambo kuhusu chumba cha wageni, kwamba mambo si mazuri na watu wawe waangalifu, lakini Nukta alikuwa ameziba masikio kwa kisirani. Aliposikia neno "Profesa" katikati ya maelezo, hakutaka kusikia lililofuata.

Kesho yake alirudi kazini. Alivaa kandambili zake za bluu, akasubiri. Profesa alitoka chumba cha wageni, akaacha kandambili zake nyekundu kando ya beseni zisubiri kuoshwa, akaenda banda la nyuma kuchukua nyenje. Mama alikuwa uani akianika matambara. Nukta alizinyakua zile kandambili kwa vidole viwili. Zilikuwa bado mbichi, zinadondosha maji. Akaingia nazo chumba cha wazazi, akapita safu ya masanduku ya mlangoni, akafika safu ya ukutani walikowekwa majike wenye mimba, akazisukuma chini ya benchi kiasi cha kisigino kimoja chenye maandishi kuonekana. Lilibaki neno PROFESA limetazama juu, kubwa na jeusi.

Alipoinuka aliona kifuniko cha sanduku la majike kimekaa upande. Ndani, jani moja lilikuwa limeziba tundu la kuingizia manyunyu. Humo alikuwamo jike aliyempenda kuliko wote, mnene na mvivu, waliyemwita Bi Mkubwa. Nukta hakufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyozoea kila siku. Alifungua, akaliweka jani sawa, akafunga, akajifutia kiganja kwenye sketi na kuondoka.

Daktari alizikuta kandambili zile kabla jioni haijaingia. Hakupiga kelele. Alimwita Profesa, akamwita mama yake Nukta, na Nukta akaja bila kuitwa, maana hakutaka kukosa.

"Hizi ni za nani?" Daktari aliuliza.

"Zangu," Profesa alisema, uso umemshuka. "Lakini mimi sikuingia nazo humu. Naapa."

"Kandambili hazijui kutembea zenyewe. Niambie tu ulikanyaga wapi na uligusa sanduku gani. Hilo ndilo ninalotaka."

"Sikugusa, Daktari. Sikuingia nazo."

Daktari alimwuliza tena na tena kwa sauti ileile ya chini, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Mwishowe alimwambia avue koti la kazi. Profesa alilivua polepole, akalikunja, akaliweka mezani. Machozi yalimtoka mbele ya watu, yeye aliyezoea kuchekesha watu. Daktari aliibandua picha ukumbini kwa mikono yake mwenyewe.

Niseme ukweli, Nukta alifurahi. Alifurahi hadi miguuni. Kila chozi la binamu yake alilipokea kama deni lililorudishwa, na kama mtu angemwuliza wakati ule, angesema hayatoshi.

Lakini Daktari alikuwa hajamaliza. Profesa alipotoka, alimgeukia mama yake Nukta, na Nukta akasikia yote. Chura mmoja wa chumba cha wageni alikuwa amekufa asubuhi ile, ngozi imembambuka. Ulikuwa ugonjwa wa ukungu, ule unaoishi majini na kula ngozi ya chura hadi ashindwe kupumua. Tone moja la maji machafu linatosha kuubeba. Dawa ya kuwaogeshea ilikuwepo, lakini kidogo, ya kutosha safu moja ya masanduku. Nyingine iliagizwa na ingechelewa. Ikishachanganywa na maji haiwekwi, lazima itumike.

"Angesema alikogusa, ningejua pa kuanzia," Daktari alisema. "Sasa nitabahatisha. Nadhani aliishia mlangoni, akazitupa zile kandambili kule mbali alipoogopa. Kesho nitaogesha safu ya mlangoni. Majike sitawagusa. Wakishikwashikwa ovyo wanaweza kuharibu mimba."

Nukta alikitazama kiganja chake. Kilikuwa kikavu na kisafi, kama kiganja chochote.

Jioni hiyo, kutoka upande wa pili wa ua, sauti ya mjomba ilisikika ikifoka. Profesa hakusikika kabisa. Mama yake Nukta alikaa na sahani yake bila kula. "Yule mtoto ana maneno mengi, lakini nimemlea," alisema. "Nikimtazama machoni naona hadanganyi."

"Mwizi gani hakuapa, mama?" Nukta alijibu.

"Mwizi? Ameiba nini?"

Nukta alijifanya anatafuna. Hapo neno lilimfika ulimini, lote, tangu bati hadi kandambili, naye akalimeza. Alijiambia kwamba pengine maji yale hayakuwa na kitu. Alijiambia kwamba Daktari anajua kazi yake. Alijiambia pia, na hili ndilo lililomshinda nguvu, kwamba akisema tu, Profesa atarudi kifua mbele, picha itarudi ukutani, na yeye ndiye atakayevuliwa koti. Kumpa binamu yake ushindi huo aliona ni bora ale udongo.

Siku iliyofuata hakusikia somo hata moja. Kengele ilipolia alikimbia, akafika wakati Daktari anapanga mabeseni madogo kwenye meza ya chumba cha wazazi. Chupa ya dawa ilikuwa imefunguliwa. Nukta alisimama mlangoni na kandambili zake za bluu. Kule ukutani, Bi Mkubwa alikuwa amekaa juu ya jani lile lile, tumbo limejaa, anameza mate kama kawaida yake. Hakuwa na ugomvi na mtu yeyote duniani.

Daktari aliinua chupa.

"Usimimine," Nukta alisema.

Daktari akasita. Mama yake, aliyekuwa ameshika ndoo, akageuka.

"Si yeye. Ni mimi niliyeziweka." Sauti yake ilitoka na hasira badala ya majuto, kwa sababu hasira ndiyo iliyokuwa karibu. "Nilitaka umfukuze. Ameniibia mvua yangu. Mimi ndiye niliyegundua kuwa wanataka kusikia mvua, akaja kusema ni yeye, na nyote mkampigia makofi."

Alitegemea kupigwa au kufokewa. Daktari aliuliza jambo moja tu. "Uligusa sanduku gani?"

"La majike. La Bi Mkubwa. Niliweka jani sawa. Mkono ulikuwa na maji ya zile kandambili."

"Safu ya mlangoni je?"

"Nilipita tu. Sikugusa."

Daktari aliiweka chupa chini, akavuta pumzi, akaanza kuhamisha mabeseni yote kwenda safu ya ukutani. Alipokuwa akiyapanga alisema bila kumtazama, "Kamlete binamu yako. Mikono yangu na ya mama yako haitoshi, na yeye ndiye anayejua kumshika jike bila kumbana. Nenda wewe, siyo mama."

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu ya kwanza, na kuliko zote ndiyo iliyomchoma. Nukta alivuka mtaa miguu mizito. Alimkuta Profesa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wao, hana la kusema, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Alimweleza yote kwa mkupuo, kwa maneno machache kadiri alivyoweza.

Profesa alisimama. Uso wake ulibadilika, ukafanana kabisa na uso wa Nukta alipokuwa akizitazama zile herufi nyeusi. "Baba amenichapa kwa sababu yako," alisema. "Nenda ukawaogeshe mwenyewe. Wakifa, utajua ni nani aliyewaua."

Nukta alijua hana cha kujitetea. "Ukitaka kunilipiza nilipize," alisema. "Una haki. Lakini subiri majike wapone kwanza."

Walitazamana. Pengine Profesa alimwona Bi Mkubwa mbele ya macho yake, pengine alichoka tu kukaa kizingitini. Alivaa shati, wakaenda, yeye mbele na Nukta nyuma.

Kuogesha chura mdogo kama kucha si mchezo. Unamshika kwa mkono uliovaa glavu iliyoloweshwa, unamtia kwenye dawa, unakaa naye huku ukimwangalia asizame wala asiruke, kisha unamweka kwenye sanduku jipya lililosafishwa. Profesa alishika, Daktari alipima dawa, mama alichemsha na kusugua masanduku. Nukta aliwekwa kwenye vifuniko: fungua, funga, fungua, funga. Katikati ya kazi, macho yake yakiwa kwenye beseni, Profesa alisema kwa sauti ndogo, "Daktari, ile mvua ilikuwa ya kwake. Mimi niliisikia kwake."

Daktari alijaza beseni jingine. "Basi na wewe ulikuwa na lako la kuniambia," alijibu. "Mshike vizuri huyo, anateleza."

Waliendelea hivyo kila siku, muda mrefu kuliko walivyotarajia. Haikuwa hadithi ya kuokoa wote. Majike wawili walipoteza mimba zao. Siku nyingine, walipofungua sanduku, Bi Mkubwa alikuwa amelala ubavu, miguu ameinyoosha, ngozi imeanza kubambuka pembeni. Dawa ilikuwa imemkuta amechoka. Nukta alimchukua kwenye kiganja kile kile. Alilia mpaka kamasi zikamtoka, na hakuna aliyemwambia anyamaze, kwa kuwa kilio hicho kilikuwa halali yake.

Daktari alitoa hukumu yake mbele ya wote. Profesa angerudi, lakini bila picha, na kila mgeni atakayekuja angeambiwa na yeye mwenyewe ni nani aliyegundua mvua. Nukta asingeingia chumba cha wazazi mpaka kizazi kipya kikue. Kazi yake ingekuwa uani pamoja na mama yake, kuosha kandambili. Mbele ya beseni la dawa Nukta alijifunza ni uchafu kiasi gani unakaa kwenye mfereji mmoja wa soli. Alizisugua nyekundu na bluu hadi vidole vikasinyaa, na nusu ya siku hizo bado alikuwa na hasira na binamu yake. Kinyongo hakiondoki kwa kuamriwa.

Alasiri moja alisikia vishindo ndani. Watoto walikuwa wamezaliwa. Daktari alikuwa anacheka kwa sauti, jambo geni, na Profesa alikuwa anaongea mfululizo, jambo la kawaida. Nukta alisimama kwenye dirisha la nje, mikono inachuruzika, akajaribu kuona. Masanduku yalikuwa mbali, kioo cha dirisha kina ukungu wa mvuke, hakuona kitu. Mama yake alikuja akasimama karibu naye.

Ndani, Profesa aligeuka na kuwaona. Hapo ndipo Nukta alipokumbuka kwamba alikuwa amempa ruhusa ya kulipiza, na kwamba majike sasa wamepona. Angeweza kumpa mgongo tu. Ingetosha, na ingemwuma.

Profesa alinyanyua sanduku dogo kwa mikono miwili, akatembea nalo taratibu kama aliyebeba bakuli lililojaa pomoni, akalifikisha dirishani. Alifuta kioo kwa kiwiko. Juu ya jani walikuwa wametawanyika watoto wa manjano, kila mmoja mdogo kama punje ya mchele, kila mmoja na miguu yake minne kamili. Profesa hakutabasamu. Alisimama tu, amelishikilia, mpaka Nukta atosheke.

"Angeweza kuninyima," Nukta alisema.

"Angeweza," mama alijibu. "Nawe ungeweza kunyamaza siku ile. Mwanangu, sikukatazi kukasirika. Ulidhulumiwa, na anayedhulumiwa ana haki ya kukasirika. Lakini haki inadaiwa mbele ya watu, mdomo wazi, hata kama sauti inatetemeka. Ungekuja kwangu, ungekwenda kwa Daktari, tungekusikiliza. Wewe ulichagua kisasi, na kisasi hakina shabaha. Ulimlenga binamu yako, ukampiga Bi Mkubwa, ambaye hata jina lako hakulijua."

 Nukta aliukunjua mkono wake, akauweka juu ya kioo, upande wa pili wa wale watoto, akawatazama wakipumua.